Buti za Mwezi wa Juni

Ilikuwa Juni, na huko Ulaya Juni ni mwezi wa joto. Wasichana huvaa magauni mepesi na viatu vya wazi. Lakini katika mji wa Bielsko, kusini mwa Polandi, baba mmoja alimwambia bintiye avae buti zake za kuteleza kwenye theluji: buti nzito, za ngozi ngumu, zilizotengenezwa kwa ajili ya mlima na barafu. Binti akashangaa. Buti za theluji, Juni hii? Baba hakutoa maelezo marefu. Alishikilia tu kwamba azivae. Na binti, aliyezoea kumsikiliza mzazi wake, akazivaa.

Mwaka ulikuwa 1942. Binti aliitwa Gerda Weissmann, umri wake miaka 18. Baba, Mzee Julius, alikuwa anajiandaa kuondoka siku ya kwanza, na mkewe na bintiye wangefuata siku ya pili.  Baba alikuwa mgonjwa wa moyo, hana fedha tena, hana kazi, hana nyumba, na mtoto wake wa kiume alikuwa ameondoka karibu miaka mitatu iliyopita. Urithi aliobakiwa nao wa kumpa binti yake ulikuwa ushauri kuhusu viatu. Nimesoma habari nyingi za Vita Kuu ya Pili, za majenerali na mikutano ya wakubwa, lakini mara kwa mara narudi kwenye buti hizi, kwa sababu kila kilichompata Gerda baadaye kilipita juu ya soli zake.

Gerda alizaliwa tarehe 8 Mei 1924. Familia yake ilikuwa ya Wayahudi wa kawaida wenye uwezo: baba alishughulika na biashara ya manyoya ya mavazi, mama yake aliitwa Helene, kaka yake Arthur alimzidi miaka mitano. Walikuwa na nyumba nzuri yenye bustani. Bielsko ilikuwa sehemu ya dola ya Austria hadi mwaka 1918, kwa hiyo wakazi wake wengi, Wayahudi na wasio Wayahudi, walizungumza Kijerumani. Kijerumani kilikuwa lugha ya nyumbani kwa akina Weissmann, lugha ya hadithi na ya mashairi aliyoyapenda. Jambo hili lishikwe vizuri, maana ndiyo lugha ambayo Gerda angeamrishwa na kutukanwa kwayo kwa miaka mitatu, na ndiyo lugha ambayo siku moja angeulizwa swali la kumrudisha katika utu.

Wajerumani waliivamia Polandi tarehe 1 Septemba 1939, na katika siku chache tu walikuwa wameingia Bielsko. Gerda alikuwa na miaka 15. Aliwaona majirani, watu aliowaamkia kila siku, wakitundika bendera za Manazi madirishani na kuwashangilia askari. Mjomba wake aliyekuwa Uturuki alikwisha kuwahimiza waondoke mapema, lakini mgonjwa wa moyo hahamishwi kama mzigo, wakabaki. Oktoba ile vijana wa kiume wa Kiyahudi wakaamriwa kujiandikisha. Arthur akaondoka nao kuelekea mashariki. Kwa muda barua zake zilifika, kisha zikakoma. Gerda hakumwona tena.

Waliobaki watatu wakavuliwa maisha yao kidogo kidogo. Leo wanakatazwa kutembea barabara fulani, kesho wanatakiwa kuvaa alama ya nyota mwilini, keshokutwa wanaamriwa kuiachia nyumba yao na kuhamia chumba cha chini ya nyumba ileile, chenye giza na unyevu. Waliishi humo huku watu wengine wakitembea juu ya vichwa vyao, kwenye sakafu iliyokuwa yao. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1942 hata chumba hicho kilionekana kuwa kizuri mno kwa Wayahudi, wakahamishiwa kwenye geto, mtaa duni wa kuwafungia pamoja. Baada ya wiki chache ikaja amri ya mwisho. Baba alipelekwa Sucha, kwenye kambi ya kazi. Siku iliyofuata mama na binti wakakusanywa pamoja na wengine waliobaki.

Hapo ndipo walipotenganishwa. Wasichana wenye nguvu walipelekwa upande mmoja, akina mama upande mwingine. Mama alimwambia kwa sauti awe na nguvu. Gerda, akiwa tayari amepandishwa kwenye lori, aliruka chini na kukimbia kumfuata mama yake. Mtu mmoja akamdaka na kumrudisha kwenye lori, akimwambia kwamba ni mdogo mno kufa. Mtu huyo alikuwa Moshe Merin, mkuu wa baraza la Wayahudi lililowekwa na Wajerumani katika eneo lile. Mpaka leo watu hubishana juu ya Merin, kwani aliwakabidhi wengi kwa Manazi akitumaini kuwaokoa wachache, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe alipelekwa kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz na kuuawa. Siku ile, kwa kumsukuma msichana mmoja arudi kwenye lori, alimbakisha hai. Helene Weissmann alikwenda Auschwitz. Julius naye aliuawa. Gerda hakuwahi kupata kaburi la yeyote kati yao.

Lori lile lilimpeleka Sosnowiec, kwenye kambi ya kupitia, ambako watu waligawanywa kama mizigo ya ghala. Sosnowiec ilikuwa makao ya ofisi moja ambayo haitajwi sana katika simulizi za mauaji ya Wayahudi, ingawa ilistahili kutajwa. Katika mwezi wa Oktoba 1940, Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS, alimteua ofisa mmoja aitwaye Albrecht Schmelt kusimamia kazi ya shokoa ya Wayahudi katika Silesia ya Juu. Schmelt akajenga himaya. Alikuwa na kambi zaidi ya 170, na wakati shirika lake liliposhamiri lilikuwa na Wayahudi zaidi ya 50,000 mikononi mwake. Viwanda vya nguo, vya silaha, na makampuni ya kujenga barabara yalikuja kwake kuomba watu. Walilipa ujira, naam, lakini ujira ulikwenda kwa ofisi ya Schmelt. Mfanyakazi alipata supu na kipande cha mkate. Alikodishwa kama watu wanavyokodisha maturubai ya harusi, tena turubai likichanika mwenyewe hulishona.

Wengi hudhani Manazi waliwatenga Wayahudi makundi mawili, wa kuuawa na wa kufanya kazi. Haikuwa hivyo. Wa kufanya kazi walikuwa wa kuuawa pia, ila tarehe yao ilisogezwa mbele kwa kiasi cha nguvu waliyokuwa nayo mikononi. Msichana akiugua, akikonda kupita kiasi, au eksirei ikionyesha doa kwenye pafu, tarehe inarudishwa nyuma.

Kituo cha kwanza cha Gerda kilikuwa Bolkenhain, mji mdogo uliokuwa Ujerumani wakati ule na ambao leo uko Polandi kwa jina la Bolków. Kulikuwa na kiwanda cha kufuma nguo. Wasichana ambao maisha yao yote hawakuwa wamegusa mtambo walifundishwa kufuma: namna ya kuunga uzi uliokatika kwa fundo lisiloonekana, namna ya kusikia kwa sikio kwamba mtambo mmoja umeharibu mdundo, namna ya kuhudumia mitambo kadhaa kwa wakati mmoja huku vumbi la nyuzi likijaa kooni. Mchana ni mitambo, na usiku ni mabweni yenye vitanda vya mbao.

Msimamizi wao alikuwa mwanamke wa Kijerumani aliyeitwa Bibi Kügler. Sura yake ilikuwa kali, na mwanzoni wasichana walimwogopa. Siku moja Gerda alikuwa amelala katika chumba cha wagonjwa, homa imempanda, hajiwezi. Ikaja habari kwamba ofisa wa SS amefika kukagua. Ofisa yule alijulikana: akimkuta mgonjwa, mgonjwa huyo huondoka, na waliokwisha kuondoka kwa njia hiyo hakuna aliyewaona tena. Bibi Kügler aliingia mbio, akamnyanyua Gerda kitandani, akamvalisha, akamkokota hadi kiwandani, akamsimamisha mbele ya mitambo na kuiwasha yeye mwenyewe. Alimwambia ajikaze, kwamba hii ni kufa na kupona. Gerda akasimama. Ofisa akapita, akatazama, akaendelea na safari yake.

Mwanamke yule hakuwa na sababu ya kufanya hivyo, na alikuwa na sababu nyingi za kutofanya. Gerda alimtaja kwa jina maisha yake yote, kila alipoulizwa kuhusu Wajerumani. Nadhani alitaka ijulikane kwamba hata ndani ya mfumo ule mtu aliweza kuchagua, na kwa hiyo wale waliochagua vingine walikuwa wamechagua kwa hiari yao.

Huko Bolkenhain pia Gerda alianza kutunga michezo mifupi ya kuigiza. Msichana wa miaka 18, mwenye njaa, anaandika vichekesho! Baada ya kazi, wenziwe walikusanyika, wakaigiza, wakacheka. Miaka mingi baadaye, akiwa mwandishi mwenye vitabu na tuzo, aliihesabu kazi ile kuwa miongoni mwa mambo makubwa kuliko yote aliyowahi kufanya. Namwamini. Anayejua jinsi njaa inavyomfunga mtu ndani ya tumbo lake mwenyewe atafahamu kicheko cha dakika kumi kina thamani gani mahali kama pale.

Agosti 1943 wakahamishwa. Märzdorf ilikuwa mahali pabaya zaidi. Msimamizi mmoja alimtaka Gerda kwa namna ambayo kila mwanamke anaielewa bila kuelezwa, naye akamkataa. Adhabu ikaanza siku hiyohiyo: mchana kubeba mafungu ya kitani, mmea unaotoa nyuzi za nguo, ambao makapi yake huchoma mikono na kuikwaruza ngozi mpaka itoke damu, usiku kushusha makaa ya mawe kutoka kwenye mabehewa. Hakuna mwili unaostahimili mambo mawili hayo kwa muda mrefu. Usiku mmoja, akiwa kando ya reli, treni ikija, alifikiri kwamba hatua moja tu ingemaliza yote.

Lakini miaka ile ya mwanzo ya vita baba yake alimshika nyuma ya shingo na kumwapisha kwamba hatajiua kamwe, hata iweje. Gerda amesimulia kwamba pale relini alihisi kitu shingoni, mahali palepale mkono wa baba ulipokuwa. Treni ikapita. Akarudi kwenye makaa.

Baada ya hapo alipelekwa Landeshut, kisha, Mei 1944, Grünberg. Grünberg ilikuwa na bustani ya maua mbele ya kiwanda, na majengo ya kisasa. Gerda aliuona ukatili wa mahali hapo ukiwa umetandikwa juu ya uzuri, na hilo lilimuumiza kwa namna yake. Ndani, wasichana walisokota nyuzi, hewa imejaa vumbi, na kifua kikuu kiliwaingia mmoja baada ya mwingine. Mara kwa mara walipigwa picha za eksirei. Aliyeonekana na ugonjwa alipelekwa Auschwitz. Kufikia wakati huu himaya ya Schmelt ilikuwa imevunjwa, na kambi kama Grünberg zilikuwa zimewekwa chini ya kambi kubwa ya mateso ya Gross-Rosen. Walinzi wa kike wa SS wakaja na mijeledi.

Katika miaka hiyo Gerda alikuwa na rafiki aliyetoka naye mji mmoja, Ilse. Asubuhi moja, njiani kwenda kiwandani, Ilse aliona tunda la rasiberi kando ya barabara, tunda dogo jekundu lisilozidi ncha ya kidole. Akaliokota. Hakulila. Alilitia mfukoni, akalichunga kutwa nzima lisipondeke huku akifanya kazi na mikono miwili, na jioni akamletea Gerda, limewekwa juu ya jani. Gerda alikuwa akiwaambia watoto wa shule wajaribu kufikiria ulimwengu ambamo mali yako yote duniani ni rasiberi moja, nawe unampa rafiki yako. Mimi najaribu kuifikiria ile kutwa nzima: mfuko, vumbi, njaa ya msichana anayejua kwamba tunda lipo, na mkono wake usioingia mfukoni.

Januari 1945 jeshi la Urusi lilianza mashambulizi makubwa kuelekea magharibi, na SS wakaamua wafungwa wao wasiangukie mikononi mwa Warusi. Tarehe 29 Januari wanawake wa Grünberg walitolewa nje kwenye theluji na kuambiwa watembee. Walikuwa maelfu, kwa sababu wengine walikuwa wameletwa pale kutoka kambi nyingine. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilielekea kambi ya Bergen-Belsen. Gerda, Ilse, na rafiki zao wengine wawili, Suse na Liesel, walikuwa kwenye kundi la pili.

Hapo sasa ndipo buti za Juni zilipopata kazi yake.

Wasichana wengi walikuwa na viatu vya soli ya mbao, au viatu vilivyochanika, au matambara yaliyofungwa miguuni. Theluji huganda kwenye soli ya mbao ikawa donge, na mtu hutembea kama amesimama juu ya mawe. Kisha unyevu unaingia, na baridi inakula vidole. Gerda aliwaona wasichana ambao vidole vyao vya miguu vilivunjika kama vijiti vikavu, bila damu, kwa sababu vilikwisha kufa. Aliyebaki nyuma alipigwa risasi. Aliyekaa chini alipigwa risasi. Usiku walilala kwenye mabanda ya ng'ombe au nje, juu ya theluji, na asubuhi baadhi hawakuamka. Walikula kilichookoteka: majani, viazi vibichi vilivyosahauliwa, theluji yenyewe. Gerda alitembea ndani ya ngozi ile nene iliyochaguliwa na baba aliyekuwa tayari marehemu.

Ili kichwa kisiende mahali ambapo miguu ilikuwa, alipanga sherehe. Akiwa safuni, siku nzima, alijiuliza siku atakaporudi nyumbani atavaa gauni gani, atamwalika nani, meza itaandaliwaje. Alijipa muda mrefu wa kuamua juu ya jambo dogo, ndipo aamue kinyume na aanze tena.

Mapema Machi walifika Helmbrechts, kambi ndogo ya wanawake huko Bavaria, wakapumzishwa kwa njaa wiki kadhaa, na tarehe 13 Aprili wakatolewa tena. Msafara huu wa pili uliongozwa na mkuu wa kambi hiyo, Alois Dörr. Vita ilikuwa inakwisha kwa macho ya kila mtu. Wamarekani walikuwa karibu. Hapakuwa na kiwanda walichopelekwa wala kazi iliyowasubiri. Waliendeshwa tu, kutoka kijiji hadi kijiji, wakifa. Dörr alihukumiwa kifungo cha maisha katika mji wa Hof, Ujerumani, mwaka 1969, miaka 24 baadaye. Tangu Grünberg walikuwa wamekanyaga zaidi ya kilomita 550, mwendo unaozidi ule wa kutoka Mombasa hadi Nairobi, ndani ya majira ya baridi na ya kuchipua, kwa wengi wao miguu mitupu.

Ilse alikufia mikononi mwa Gerda wiki moja hivi kabla ya mwisho. Alikuwa na miaka 18. Aliomba mambo mawili. Kwanza, kwamba kama wazazi wake wako hai, wasiambiwe jinsi alivyokufa. Pili, kwamba Gerda ajikaze wiki moja zaidi. Gerda akaahidi. Alikuwa sasa amebeba viapo viwili, kimoja cha baba na kimoja cha rafiki, katika mwili wenye uzito wa kilo 31.

Mwanzoni mwa Mei walifika Volary, mji mdogo wa Chekoslovakia. Walinzi waliwafungia katika jengo la kiwanda cha baiskeli kilichoachwa. Kwa mujibu wa Gerda, waliwatega bomu la saa, kisha wakakimbia. Mvua ilinyesha usiku huo na bomu halikulipuka. Kulipokucha milango ilifunguliwa kutoka nje na watu wakawaambia vita imekwisha. Katika ile saa ya kwanza ya uhuru Gerda alikwenda kumtafuta Suse. Kambini, wawili hao waliwahi kuwekeana dau kuhusu uhuru, na mshindi alikuwa apate stroberi na krimu. Alimkuta karibu na pampu ya maji, amelala kwenye matope. Suse alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 7 Mei 1945 Gerda alisimama mlangoni mwa jengo lile. Kesho yake angetimiza miaka 21. Nywele zake zilikuwa nyeupe na alikuwa hajaoga sawasawa kwa miaka mitatu. Gari la jeshi lenye nyota nyeupe likaja na kusimama. Akashuka Mmarekani, luteni kijana aliyevaa miwani ya jua, akauliza kama kuna anayezungumza Kijerumani au Kiingereza. Gerda akajibu kwamba anazungumza Kijerumani. Halafu, kwa kuwa kwa miaka sita jambo hili lilikuwa la kwanza ambalo kila mwenye bunduki alipaswa kulijua, akamwambia: "Sisi ni Wayahudi, ujue."

Yule luteni alinyamaza muda mrefu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imebadilika. "Na mimi pia," alisema.

Kisha akauliza kama anaweza kuwaona mabibi wengine. Mabibi! Gerda alisema hakuwa amesikia neno la heshima kama hilo tangu vita ilipoanza. Akamwomba wafuatane. Walipofika mlangoni, luteni akaushika mlango, akamwachia njia apite kwanza.

Ndani, wasichana walikuwa wamelala kwenye nyasi kavu, baadhi wakiwa mahututi. Gerda alionyesha kwa mkono, akasema mstari wa shairi la Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani, linalohusu utu. Luteni yule alilijua, kwa sababu naye alizaliwa Ujerumani. Jina lake Kurt Klein, mwenyeji wa Walldorf. Mwaka 1937 wazazi wake walimtuma Marekani akiwa kijana, wakibaki nyuma kusubiri vibali vyao. Vibali vilichelewa. Wazazi walihamishiwa kambi ya Gurs huko Ufaransa mwaka 1940, na mwaka 1942 wakapelekwa Auschwitz. Wakati anashika ule mlango hakuwa bado na hakika ya yaliyowapata.

Wanawake 118 walionusurika walipelekwa katika hospitali iliyotengenezwa haraka na jeshi. Daktari wa Kimarekani aliyewapokea, Kapteni Aaron Cahan, alidhani anawaona wanaume wazee wa miaka hamsini na kuendelea. Alipomwuliza mmoja umri wake, akajibiwa miaka 17. Wengine waliendelea kufa kitandani, wameshakombolewa. Makaburi yao, zaidi ya tisini, yapo Volary hadi leo. Wakazi wa Kijerumani wa eneo lile walilazimishwa na Wamarekani kufukua maiti zilizozikwa ovyo na kuzizika kwa heshima.

Gerda alikaa hospitali miezi. Kurt alimtembelea kila alipopata ruhusa. Walifunga ndoa Paris mwezi wa Juni 1946, wakahamia Buffalo, jimbo la New York, wakapata watoto watatu. Mwaka 1957 alichapisha kitabu chake, All But My Life. Filamu fupi kuhusu maisha yake, One Survivor Remembers, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1996, na mwaka 2011 Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais. Kurt alifariki mwaka 2002. Gerda aliishi hadi Aprili 2022, akiwa na miaka 97, akisimulia habari za Ilse na Suse kila mahali alipoalikwa.

Nirudi hospitalini Volary, wiki ile ya kwanza. Matambara ya wale wanawake yalikuwa yamejaa chawa na ilibidi yachomwe moto. Buti pia zilikuwa zimechakaa kabisa. Lakini kabla hajaachana nazo, Gerda alitaka kitu kilichokuwa ndani yake. Kwa miaka mitatu, kutoka Bolkenhain hadi Märzdorf, kutoka Landeshut hadi Grünberg, na safari yote ile ya theluji, alikuwa amezificha humo picha za watu wake. Zilikuwa zimekunjamana na kupasuka kwa jasho na unyevu. Hata hivyo sura zilionekana: baba, mama, na Arthur.